Sauti za Redio ya Sufuria

Kazi inayonilisha ni kutengeneza redio. Inayokula ninachopata ni kununua CD za nyimbo za kale, zile zinazotolewa upya kutoka kwenye santuri na tepu za miaka ya 1940 na 1950, nyingi zikiwa zilirekodiwa na vituo vya redio au kwa ajili yao. Meza yangu ipo Mwansabombwe, kwenye makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, katika bonde la Luapula, Zambia. Kabati la CD lipo nyuma ya meza, mbali na jua na mbali na mikono ya wateja. Mke wangu ana maoni yake kuhusu kabati hilo, nami sitayaandika hapa.

Vijana huniuliza swali lile lile: fundi, CD za nini, na siku hizi kila wimbo umo kwenye simu? Hawaulizi kwa ubaya. Nenda soko la Kashikishi, pale Nchelenge samaki wa Ziwa Mweru wanaposhushwa, utawakuta wenzao wamekaa na kompyuta na spika, wanajaza nyimbo kwenye memori kadi kwa kwacha chache. Humo utampata Alick Nkhata, utampata Jim Reeves, utampata P. K. Chishala, wote wamerundikwa pamoja. Lakini tazama kioo cha simu: Nkhata anaitwa "Track 04", na Chishala amepewa namba tu. Sauti ipo, mwenyewe hayupo. Aliimba wapi, mwaka gani, nani alishika gitaa la pili, hakuna ajuaye. Mimi nakusanya majina, na kwa nyimbo za umri huu majina mengi yanapatikana kwenye kile kijitabu kinachokaa ndani ya kasha la CD, basi.

Baba yangu ni Mlunda wa hapa hapa. Mama alivuka kutoka Pweto, upande wa Kongo, akaja na Kiswahili chake. Baadaye nilifanya kazi za mizigo Dar es Salaam, ambako shaba yetu ilikuwa ikifika kwa reli ya TAZARA, na huko ndiko nilikojifunza kuandika Kiswahili hiki, tena ndiko nilikoanza kununua redio mbovu za Kariakoo kwa bei ya chuma chakavu. Wapo wanaoshangaa kusikia kwamba Mwansabombwe kuna watu wa Kiswahili. Msafiri David Livingstone alipofika kwa Kazembe mwishoni mwa mwaka 1867 alimkuta mfanyabiashara kutoka pwani, Mohamad bin Saleh, aliyekuwa ameishi hapa miaka mingi bila kuruhusiwa kuondoka. Sisi wengine tumekuja juzi.

Redio nayo ilitufikia katika umbo la sufuria. Kituo cha Lusaka kilianzishwa mwaka 1941, wakati wa vita, na baada ya vita kikawa Central African Broadcasting Station, kikitangaza kwa Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi na lugha nyingine. Tatizo lilikuwa vipokezi. Redio za mezani za wakati ule zilitengenezwa kwa nyumba zenye umeme na mishahara ya Kizungu. Harry Franklin, aliyesimamia idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), alikwenda Uingereza kutafuta kiwanda kitakachokubali kutengeneza redio ya bei ya chini ya betri, na Ever Ready wakakubali. Mwaka 1949 ikaingia Saucepan Special, yaani redio ya sufuria: duara la alumini lililopakwa rangi ya buluu, upana wake kama inchi tisa, kwa pauni 5. Betri ilikaa nje, ikauzwa peke yake kwa pauni 1 na shilingi 5, na ilidumu kama saa 300. Pauni 5 hazikuwa mchezo. Kibarua wa kawaida alifanya kazi zaidi ya mwezi kuzipata. Hata hivyo redio hizo zilinunuliwa kwa maelfu, kwa sababu moja ilisikilizwa na kijiji kizima.

Nimeifungua moja kwa mikono yangu. Kama fundi nawavulia kofia waliochagua alumini: mchwa hali alumini, na mvua ya Luapula haiivimbishi kama inavyoivimbisha mbao. Ile valvu ya kutoa sauti ilikuwa imekufa, na spea yake huipati hata ukienda Lusaka, kwa hiyo sufuria hilo limebaki rafuni kama picha ya babu.

Kituo kinachotangaza kila siku kinahitaji nyimbo kila siku, na santuri za Kibemba zilizokuwa madukani hazikutosha hata wiki. Basi Lusaka wakaanza kurekodi wenyewe, studioni na vijijini. Hapo ndipo jambo langu linapoanzia. Rekodi hizo hazikutengenezwa ziuzwe. Zilitengenezwa zirushwe hewani, kisha zirudi rafuni. Msikilizaji hakuwa na kitu cha kushika. Ukiukosa wimbo jioni hiyo, umeukosa, mpaka mtangazaji atakapopenda kuurudia. Ndiyo maana CD ya rekodi za redio inanipa furaha kuliko CD ya santuri zilizouzwa dukani. Santuri ya dukani ilikwisha kuwa ya watu. Ya redio inakuwa ya watu kwa mara ya kwanza.

CD iliyonitia ugonjwa huu ni ya Alick Nkhata, "Shalapo", iliyotolewa na RetroAfric ya Uingereza mwaka 1991 kutoka kwenye rekodi za miaka ya 1950. Nkhata alizaliwa Kasama mwaka 1922, mama Mbemba, baba Mtonga. Alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, akarudi, akasafiri na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, kurekodi nyimbo, kisha akaingia redio ya Lusaka kama mtangazaji na mwanamuziki. Kazini kwake alisikia yote: ngoma za vijiji zilizoletwa na magari ya kurekodi, na santuri za Kimarekani zilizojaa maktaba ya kituo. Masikio yale yalichanganya. Ukimsikiliza, sauti zimepangwa kwa karibu karibu kama wanavyoimba Wabemba, halafu chini yake linapita gitaa la kuteleza, lile linalopigwa kwa kusugua chuma juu ya nyuzi, ambalo Wamarekani wa muziki wa kantri walilichukua kutoka Hawaii. Anayelisikia kwa mara ya kwanza hudhani redio imeshika vituo viwili. Baada ya mara ya tatu, mtu hawezi kufikiria wimbo ule bila gitaa lile.

Nkhata hakuzeeka. Aliacha kazi ya serikali akaenda kulima Mkushi, na mwaka 1978 majeshi ya Rhodesia, yakivuka kushambulia kambi za wapigania uhuru wa Zimbabwe, yalimuua huko. Hili nalo nililijua kupitia CD. Wazee wa hapa walijua amekufa. Jinsi alivyokufa wengi hawakuwa na habari.

Kantri ilifikaje Afrika ya kati? Ilikuja kwa gramafoni, ikabebwa na wachimba madini. Watu wa Luapula walianza kwenda Katanga tangu Union Minière ilipoanza kuchimba, halafu, migodi ya upande wetu ilipofunguliwa miaka ya 1920 na 1930, wakajaa Luanshya, Kitwe na Mufulira. Mtu akirudi likizo alirudi na blanketi, baiskeli, gitaa akiweza, na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Kati ya santuri zilizozunguka sana ni za Jimmie Rodgers, yule mfanyakazi wa reli wa Mississippi aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933 akiwa na miaka 35. Ile sauti yake ya kuruka kutoka kifuani hadi kooni na kurudi, vijana wa Bulawayo hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, waliiga mpaka wakaimiliki. Bulawayo alikuwapo George Sibanda, ambaye Tracey alianza kumrekodi mwaka 1948, na ambaye kwa siku zake alikuwa nyota wa kweli; SWP Records wametoa CD nzima ya nyimbo zake. Na huko Kenya, mwaka 1950, Tracey aliwakuta wasichana wa Kikipsigis wakiimba juu ya kiumbe nusu mtu nusu swala aitwaye Chemirocha. Alikuwa Jimmie Rodgers huyo huyo, aliyefika kwa gramafoni bila mwili wake, akageuka hadithi. Sijui mwanamuziki mwingine yeyote wa Marekani aliyepewa kwato na Waafrika.

Kwa hiyo kabati langu lina rafu ya Wamarekani. Wageni hucheka wakikuta Bob Wills amekaa jirani na Nkhata huku Mwansabombwe. Mimi naona wamekaa vizuri. Bob Wills na Texas Playboys walipiga swingi ya Texas: fidla za kijijini, gitaa la kuteleza, na mpigo wa jazi wa kuchezea dansi. Mwaka 1946 na 1947, kule California, walirekodi mamia ya nyimbo kwa kampuni iliyoitwa Tiffany, ziuzwe kwa vituo vya redio tu, kwenye santuri kubwa za inchi 16. Biashara haikwenda mbali, na santuri zikakaa chini ya nyumba ya mtu miaka na miaka. Miaka ya 1980 ndipo zilipoanza kutoka kwa umma, kwanza kwa LP, baadaye kwa CD. Wanaojua mambo husema hapo ndipo bendi ile inaposikika ilivyokuwa kweli, maana studioni wenye kampuni walikuwa wakitazama saa na soko, ilhali kwenye rekodi za redio wanamuziki walijiachia. Nakubaliana nao. Mpiga gitaa anaitwa kwa jina na Wills katikati ya wimbo, anaingia, anafanya vituko vyake, anatoka. Sikiliza hilo, halafu rudi kwa Nkhata.

Hank Williams naye, mwaka 1951, alikuwa na kipindi cha asubuhi katika redio ya WSM ya Nashville, kikidhaminiwa na kampuni ya unga wa ngano. Kwa kuwa mara nyingi alikuwa safarini, vipindi vilirekodiwa mapema kwenye diski laini za lakeri. Miaka ikapita, kituo kikahama jengo, diski zikatupwa kwenye pipa la taka, na mpiga picha mmoja wa pale, Les Leverett, akaziokota. Umma ulizipata mwaka 2008. Nikiwasimulia wazee habari hii hutikisa vichwa na kusema, kumbe na wao! Tulidhani kutupa ni tabia yetu.

Lakini mwenye kabati hili ni Mwenda Jean Bosco. Kwa msomaji wa Kiswahili sina haja ya kumtetea sana, maana "Masanga" yake imeimbwa kwa Kiswahili na imesikika kutoka Lubumbashi hadi Nairobi. Alizaliwa mwaka 1930, mtu wa Wayeke wa Bunkeya, ambao babu zao walitoka Unyamwezi na msafara wa Msiri, mfalme wao. Tracey alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, akamrekodi, na santuri zikatoka kwa Gallotone ya Afrika Kusini. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na kwa vidole hivyo viwili anakupa besi, anakupa wimbo, na kati yake anakupa kitu cha tatu ambacho mtaalamu mmoja, David Rycroft, alihangaika nacho katika makala za kitaaluma akijaribu kukiandika kwa noti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi kutangaza dawa ya Aspro kwa gitaa lake, wakati mwenzake Edouard Masengo akiitangazia Coca-Cola. Walikuwa vijana wanatafuta kula, na matangazo ya redio yalilipa. Bosco alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya barabarani, katika nchi yetu hii ya Zambia.

Hapa ndipo ninapomshukuru Michael Baird. Ni mpiga ngoma anayeishi Utrecht, Uholanzi, lakini alizaliwa Zambia. Tracey alianzisha maktaba yake ya muziki, ILAM, mwaka 1954, nayo sasa ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Baird aliingia kwenye tepu zile akatoa CD zaidi ya ishirini kupitia SWP, kampuni yake mwenyewe. Ile ninayoisikiliza kuliko zote inahusu asili ya muziki wa gitaa wa Kongo ya kusini na Zambia ya kaskazini, rekodi za mwaka 1950, 1951, 1952, 1957 na 1958. Tazama tu jinsi miaka ilivyoandikwa kwenye jalada lenyewe, moja moja. Humo wamo Patrice Ilunga na Victor Misomba, yumo Stephen Tsotsi Kasumali, watu ambao pengine majina yao yangebaki kwenye vichwa vya wazee watatu, na wazee watatu hawakai milele. Kijitabu kinakueleza hata kilichokuwa kinagongwa, chupa au kibao. Mtu anayefanya kazi hivyo anastahili pesa yangu, ingawa siipati kwa urahisi.

Nazipataje CD? Kwa shida. Mpwa wangu yuko Ubelgiji. Yeye ananunua, anangoja mtu anayekuja Lusaka au Lubumbashi, na kutoka hapo mzigo unapita mikono ya madereva. Posta niliijaribu, nikakata tamaa. Zamani wafanyakazi wa mashirika ya misaada wakimaliza mkataba waliacha CD zao kwa wapishi na walinzi, na mlinzi huja kwangu na mfuko: ba fundi, angalia kama kuna kitu. Mara nyingi hakuna kitu. Mara moja moja kuna Bosco katikati ya nyimbo za Krismasi.

Mzigo ukifika, siufungulii watu siku hiyo. Kwanza nausikiliza peke yangu kwa hedifoni usiku, mashine za kusaga zikishazimwa. Natafuta mambo mawili. La kwanza ni kasi. Santuri ya 78 au tepu ya zamani ikihamishwa kwa kasi isiyo yake, hata kidogo, mwimbaji anakuwa kijana kuliko alivyokuwa, na gitaa linakuwa na haraka ambayo mpigaji hakuwa nayo. Nina ujanja wa kifundi. Rekodi ya studio hubeba chini yake mlio wa umeme wa mahali pale: kwetu ni mizunguko 50 kwa sekunde, Marekani ni 60. CD ambayo haijasafishwa kupita kiasi, nikiipitisha kwenye programu ya kupima mawimbi, mlio ule unaonekana kama mstari. Ukiwa kwenye 52, najua aliyehamisha aliharakisha. Kwa rekodi za porini ujanja huo haufanyi kazi, kwa sababu jenereta haikuwa thabiti, na Tracey aliiweka mbali kwa waya mrefu ili isisikike. Hapo narudi kwenye pumzi ya mwimbaji tu.

La pili ni usafi. Wapo watoaji wanaosafisha rekodi mpaka inakosa ngozi. Mikwaruzo inaondoka, ndiyo, lakini inaondoka na ule mlio mdogo wa ukucha kwenye waya wa gitaa, na kwa mpigaji wa Katanga ukucha ndio nusu ya muziki. Ninayo CD moja ambayo kampuni yake sitaitaja: kila kitu kinang'aa, na ndani hakuna mtu. Nipe mikwaruzo. Sikio la mtu aliyekulia redio ya masafa mafupi, inayoingia na kutoka kama wimbi, linajua kupita juu ya kelele na kumfuata mwimbaji.

Baada ya hapo ndipo naita wazee. Siwaambii jina. Nafunga kijitabu, naweka CD, nangoja. Wengi walifanya kazi migodini au baba zao walifanya. Mmoja, ambaye sote tunamwita bashikulu, yaani babu, hata tuliomzidi mwili, alisikia mapigo machache tu akasema: "Huyu si wa Kitwe. Gumba lake ni la Katanga, la kwetu halirudi nyuma namna hiyo." Nilifungua kijitabu: Jadotville. Mwingine hukumbuka nani alikuwa na santuri ile kijijini, na ilivunjika kwenye harusi ya nani. Hayo yote naandika kwenye daftari, pamoja na tarehe na jina la aliyesema. Wakibishana, naandika pande zote mbili. Vijitabu vya CD, hata vilivyo bora, vina mapengo. "Msanii hajulikani" ni maneno ninayoyachukia, kwa sababu asiyejulikana huko Ulaya huenda ni shemeji wa mtu hapa.

Kuanzia mwaka 2017 daftari langu limepata watu wapya. Vita vya Katanga na Tanganyika, mikoa ya Kongo, vilivusha maelfu ya watu kuja Nchelenge. Walipokelewa Kenani, kisha yakafunguliwa makazi ya Mantapala. Mimi huenda huko na sola ndogo, spika na CD chache, kwa sababu ya redio mbovu, na redio mbovu haikosekani. Safari moja niliweka Bosco wakati nikichomelea waya. Mzee mmoja kutoka upande wa Pweto akasimama na fimbo yake.

"Fundi, rudisha nyuma."

"Ndiyo, Papa."

Nikarudisha. Akasikiliza akiwa amefumba macho, akaniambia niurudishe tena. Kisha akakaa, akaanza kunisimulia Kasenga ya utoto wake, pale ng'ambo ya Luapula, Wagiriki walipokuwa wakinunua samaki wa ziwa na kuwapeleka Elisabethville kwa malori yenye barafu, na jinsi madereva walivyorudi na santuri mpya kabla hata mjini hazijazoeleka. Alitaja wapigaji gitaa watatu waliokuwa wakicheza kwenye bohari za samaki. Majina hayo hayamo kwenye kijitabu chochote nilichonacho. Yamo kwenye daftari, na mawili kati ya hayo yamethibitishwa na watu wengine wasiojuana naye. Siyaweki hapa mpaka nipate watoto wao na ruhusa yao.

"Papa, walirekodiwa?" nilimuuliza.

"Mmoja alirekodiwa. Mzungu wa redio alikuja na gari."

Redio ipi, mwaka gani, hakuweza kusema. Lakini gari la redio lilikuwa na karani, karani alikuwa na kitabu, na rekodi ilikuwa na namba. Penye namba pana rafu.

Vijana wa memori kadi tumeelewana. Zamani niliwakatalia kunakili CD zangu, tukawa tunanuniana bure. Sasa nina sharti moja: wimbo ukitoka kwangu unatoka na jina lake. Mpigaji, mahali, mwaka, aliyerekodi. Vyote viandikwe kwenye jina la faili kabla haujaingia kwenye kadi. Wanalalamika kwamba kioo cha simu hakitoshi. Kitatosha. Kijana mmoja wa Kashikishi ameanza kufanya hivyo hata kwa muziki wa kalindula wa miaka ya 1980, ya Shalawambe na wenzao, bila mimi kumwambia, na wateja wake wamezoea hata kumdai: huyu anapiga nani? Kuuza sijawahi. Wanamuziki wale wana warithi, na mimi nauza utengenezaji wa redio.

Ninachosubiri bado hakijatoka. Rekodi za Kibemba za Lusaka za miaka ya 1950, zile za wapigaji wa kawaida waliokuja studioni na gitaa la kuazima, wakaimba nyimbo mbili na kurudi kwenye baiskeli zao, zimetolewa kidogo mno. Nkhata tunaye kwa sababu alikuwa Nkhata.

Kwa hiyo, kwa yeyote mwenye sanduku la marehemu baba lenye santuri ndani, iwe Kasama, Kigoma, Kalemie au Mombasa: usiisafishe kwa spiriti. Santuri ya 78 imetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, na spiriti inauyeyusha. Utafuta wimbo wote kwa kitambaa. Tumia maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, usiloweshe karatasi ya katikati, ianike kivulini, uihifadhi imesimama. Ikiwa ni diski nyepesi ya chuma iliyopakwa kitu cheusi, labda yenye ukungu mweupe juu, hiyo huenda ni ya redio: usiioshe kabisa na usiicheze, kila sindano inapopita inaikwangua. Kabla ya yote piga picha karatasi ile ya katikati, pande zote mbili, namba zote zionekane, hata zilizochorwa kwa kalamu.

Kisha uliza nyumbani nani aliinunua.